Taa Aliyoiona Kila Mtu

Mwaka ule wa 1956 hakuna mtu wa Kisii mjini aliyethubutu kusema hajaiona taa. Wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili waliiona. Wachungaji wa makanisa waliiona na kuiombea. Hata mafundi viatu, ambao macho yao huwa chini kutwa nzima, walikuwa na maelezo marefu kushinda wote. Iliwaka na kuzima juu ya jabali la Manga, walisema, na maana yake ilikuwa moja tu: Mwewe, merikebu ya anga iliyoruka kutoka uwanja wa Manga na kupotelea kwenye nyota, bado ilikuwa hai na ilikuwa inaomba kufuatwa.

Batuli binti Jaffer alitamani kuiona kuliko wote, kwa kuwa kaka yake Gulled alikuwa ndani ya Mwewe. Kila jioni alitoka nje ya duka la mama yake, akakaza macho mpaka yakatoka machozi, na kila jioni alirudi ndani mikono mitupu. Hakumwambia mtu.

Merikebu ya pili ilikuwa tayari chini ya jabali. Iliitwa Korongo, na haikuwa na nahodha. Cheo hicho kilikuwa kimewatoa watu udenda kutoka Kisii mpaka Nyamira; koo zilinuniana kwa ajili yake. Batuli hakujali sana koti lenye vifungo vya shaba wala saluti. Alitaka usukani ule umfikishe kwa ndugu yake, basi. Alikuwa amezisoma hesabu za nyota miaka mingi, amefaulu mitihani yote, na sasa palibaki mtihani mmoja: kuingia katika chumba cha darubini, kutazama, na kusema umeona nini.

Mtahini alikuwa Mzee Manasseh Obwocha, mtu pekee aliyerudi kutoka Mwewe, peke yake ndani ya kimashua cha kujiokoa. Yaliyompata huko juu hakumsimulia mtu wa mjini. Watu walijua jambo moja tu juu yake: hakuweza kuvumilia mlango kugongwa. Ukigonga, alitetemeka mwili mzima. Kwa hiyo wageni wake walikohoa tu nje, wakangoja.

Jioni ya mtihani huo Walter Okemwa, kijana wa Kebirigo aliyekuwa na uhakika wa kila kitu duniani, alitoka chumbani akitabasamu.

"Nimeiona kabisa kabisa," alimwambia Batuli. "Ni kama inaniita kwa jina. Ingia tu, dada, useme. Ni kitu rahisi."

Batuli akakohoa, akaingia. Obwocha alimwonyesha darubini bila neno. Akainama, akatazama. Giza. Hata nyota moja hakuiona. Akajipangusa jicho kwa ncha ya mtandio, akatazama tena.

"Wenzako wote wameiona," Obwocha alisema nyuma yake. "Iko katikati hapo. Wewe unaona nini?"

Neno moja tu lilitosha, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alimkumbuka marehemu baba yake. Mwaka mmoja wa utoto wake, wanaume Waislamu wa mjini walipanda Manga kuutafuta mwezi wa Idi. Mawingu yalikuwa yametanda, kama kawaida ya huku ambako mawingu hayana likizo. Mbuzi walishanunuliwa, mchele ulishachaguliwa mawe. Mmoja akasema ameuona mwezi, akafuata wa pili, na punde kila mtu alikuwa ameuona. Jaffer alisema, "Mimi sikuuona." Walimbembeleza atazame tena, akatazama, akasema vilevile. Walipotakiwa kuapa, wale mashahidi wakaanza kutazama viatu vyao, na Waislamu wote wa mji wakafunga siku moja zaidi. Duka la Jaffer lilikosa wateja kwa muda mrefu baada ya hapo. Watu hawapendi kucheleweshewa pilau.

"Sioni kitu, Mzee," Batuli alisema. "Hata nyota sioni."

Alijua ameshapoteza kila kitu. Obwocha alikwenda mbele ya darubini, akabandua kifuniko cha shaba kilichokuwa kimeziba kioo chake tangu asubuhi, akakiweka mezani.

"Koti ni lako," alisema. "Kaa chini kwanza, nikwambie limeshonewa kazi gani."

Batuli akakaa.

"Tulipofika mbali, Persis wa mitambo alisema anaona taa. Mimi sikuona. Nahodha wetu Machogu naye akasema anaona. Kabla ya kula, wote walikuwa wanaona. Halafu haikuwa taa tena. Machogu alimwona bibi yake, yule tulizika hapa Manga, amesimama nje ya dirisha. Huko nje hakuna hewa, Batuli. Hakuna kitu cha kusimamia."

"Ikawaje?"

"Walifungua mlango wa nje. Mimi nilikuwa nimejifungia chumba cha mitambo. Wakagonga. Hewa yao ilishatoka yote, na bado mlango wangu uligongwa mpaka nikapata mashua nikakimbia."

Batuli alishika ukingo wa kiti. "Na Gulled?"

Obwocha alitazama pembeni. "Yeye ndiye alifungua. Alisema dada yake yuko nje, anasikia baridi."

Nje, mafundi wa uwanja walikuwa wanacheka na Walter, ambaye alikuwa ameanza kupokea pongezi mapema.

"Sasa Mwewe imegeuka," Obwocha aliendelea. "Inarudi huku, na hakuna mtu kwa usukani. Haijafika, lakini watu wa mjini wameanza kuona taa. Utaenda kukutana nayo, uifunge kamba, uivute uitupe kwa jua. Utamwona Gulled dirishani. Wenzako watakuuliza kama unamwona. Ukikubali, hakuna atakayerudi."

"Na kama nitamwona kweli?"

Mzee alichukua koti kwenye msumari, akamvisha mwenyewe, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

Habari zilimtangulia mjini. Alipofika dukani, akina mama walikuwa wamejaa barazani wakipiga vigelegele. Mama yake, Asli, alimvuta ndani, nyuma ya magunia ya sukari, mbali na masikio ya watu. Mkononi alikuwa na kofia ya Gulled, ile aliyoisahau siku ya kuondoka. Ilikuwa imefuliwa, imetiwa wanga, imefungwa katika karatasi ya dukani.

"Mpelekee," alisema. "Huko lazima kichwa chake kinapata baridi."

Batuli aliipokea. Ilikuwa nyepesi, na ilinukia sabuni na ubani.

"Wanasema hawampi unahodha mtu ambaye hakuona," Asli alisema. Alikuwa amemshika binti yake kwa mikono yote miwili, macho yake hayapepesi. "Mimi natoka kila siku, mwanangu, na sijawahi kuiona. Nimeogopa kusema. Macho yangu yamezeeka. Niambie wewe, na nitaamini, maana wewe ni mtoto wa Jaffer. Umeiona taa yao?"

Batuli aliitazama ile kofia, akakosa moyo wa kumkatia mama yake tumaini. Barazani vigelegele vilikuwa vimepoa. Mtu mmoja alikuwa anaugonga mlango wa duka, polepole, bila kutamka hodi.

"Nimeiona, Mama," alisema Batuli.