Uzito wa Nusu Ndege ya Gashoho

Asubuhi ya Jumanne Zaituni alikaa kwenye kigoda cha jikoni, huko Yoba, mtaa wa Gitega nchini Burundi, akijaza fomu ya kuandikisha ndege. Mumewe Mustafa, fundi baiskeli, alisimama mlangoni akimtajia majibu, kwa kuwa mwandiko wake Mustafa haukusomeka hata na yeye mwenyewe. Aina ya chombo: ndege. Hali ya chombo: nusu. Mahali kilipo: uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Mstari wa saba uliuliza chombo kimejengwa na nani. Hapo Zaituni akaweka kalamu chini.

Ndege yenyewe ilikuwa mkia, mgongo na kiti. Mabawa hayakuwapo, wala mashine. Waliipata Gashoho, upande wa Muyinga, kwa mama mmoja aitwaye Emérance. Mume wake Sylvestre, makanika wa kiwanda cha kuosha kahawa, aliianza mwaka wa uhuru, akaijenga miaka kumi, na kila ubao alioupiga randa aliuandika kwenye daftari pamoja na uzito wake. Halafu ukaja ule mwaka. Hatuutaji jina, na wewe msomaji usitulazimishe. Wanaume thelathini na nne wa mlima wao, yaani kijiji chao, waliitwa mkutanoni siku ya Jumamosi, wakapanda lori moja, Sylvestre akiwamo. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na mkutano ulikuwa haujaisha.

Mustafa naye alishikwa na ugonjwa wa ndege tangu siku ya uhuru, ndege moja ilipopita chini sana juu ya Gitega hadi kuku wakajificha. Zaituni alimcheka kwa miaka. "Baba Riziki, hata baiskeli bado unawarudishia watu na breki moja," alimwambia. Lakini ilipofika siku ya kwenda Gashoho ni yeye aliyetoa cherehani yake iende kubadilishwa na ndege. Alimpenda mwanamume huyo, basi. Mapenzi hayana hakimu.

Kule Gashoho kitu kikubwa hakihami nyumba bila pombe ya ndizi. Mwenye kitu na mnunuzi hunyonya kwa mirija kutoka chungu kimoja mbele ya bashingantahe, wazee waamuzi wa kijiji, mwenye kitu anasema amekiachia, ndipo kinakuwa chako. Emérance alileta chungu, akatia mirija miwili, mmoja wa Mustafa na mmoja wa Sylvestre. Zaituni ndiye aliyesema, kwa adabu kabisa, kwamba wao ni Waislamu, wataomba maji. Akauliza pia wazee wa kushuhudia wako wapi.

"Nao walikwenda mkutanoni," Emérance alisema, akakifunika chungu na kukirudisha ndani kimejaa vilevile. "Basi haijaachiwa. Mtaondoka nayo hivyohivyo, na waliomo."

Zaituni hakuuliza ni nani waliomo. Miaka ile watu hawakuulizana mengi.

Waliibeba mpaka barabarani kwa mikono minne tu, ilikuwa nyepesi kama kitanda cha kamba. Bagalwa, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kusini aliyekuwa anarudi Gitega na lori tupu, akawapakia. Lori lilipoanza kupanda milima ya Karuzi likaguna, matairi yakabonyea, na kwenye mteremko breki zikatoa moshi. Bagalwa alisimama mara tatu kuangalia nyuma. Aliikuta ndege peke yake, imefungwa kwa kamba ya mbuzi.

"Mama, hii kitu iko inabeba nini?" aliuliza mara ya tatu. "Hii lori nayijua. Hivi ndivyo inafanyaka kama imejaa watu."

Akawasha gari wakaendelea.

Wiki mbili baadaye gari la jeep lilisimama kwenye ua wao. Mtu mmoja aliyevaa koti safi aliitazama ndege, akahesabu misumari yake kwa macho, akasema kufikia mwisho wa mwezi iwe na karatasi, maana ndege bila karatasi ni ndege ya kukimbilia. Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo chakula kilimkataa Zaituni. Pale Yoba walimjua mtu aliyechukuliwa kwa sababu ya redio tu, na redio hairuki. Alichotaka sasa kilikuwa kimoja: karatasi ipatikane, mume abaki nyumbani. Ndege ingeweza kugeuka tundu la kuku, haikumhusu.

Kwenye mstari wa saba wakaandika jina la Sylvestre, kwa sababu hawakujua la kuandika lingine.

Karani wa kuandikisha vyombo alikuwa kijana mwembamba mwenye kikohozi. Alisoma fomu mpaka mwisho, akarudi juu. "Bon. Mjenzi wa kwanza lazima aje atie sahihi. Au mniletee karatasi ya kifo chake."

"Karatasi hiyo mke wake hana," Mustafa alisema.

"Amekufa?"

"Bwana karani, mi siwezi kusema."

Karani akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole chini taratibu. "Hakufa. Yuko mkutanoni." Akaandika hivyo kwenye mstari wa saba, akauliza kama yupo mwenye swali. Hakuwapo. Zaituni alikuwa amemkanyaga mumewe mguu chini ya meza.

Lililobaki lilikuwa kupima uzito. Wakaipeleka ndege kwenye ghala la kahawa, kwa lori lilelile la Bagalwa. Fomu ilitaka pia uzito wa rubani, basi Mustafa akapanda mizani ndogo ya magunia, akatoka kilo sitini na nne. Alitania kwamba na viatu vimo. Kisha wakaiweka ndege kwenye mizani kubwa ya kupimia malori, mizani ambayo mpimaji wake aliapa kwamba haijakosea hata kilo moja tangu Wabelgiji waiache. Daftari la Sylvestre lilisema kilo tisini na mbili. Mizani ilisema kilo elfu mbili mia tatu na mbili.

Hakuna aliyeshangaa. Mpimaji alifuta kioo kwa kiganja, akaangalia tena, akaenda zake kunywa chai. Karani alitoa penseli, akatoa tisini na mbili, akagawanya zilizobaki kwa sitini na tano, ambao ni uzito wa mtu mzima wa kawaida. Zaituni, aliyezoea kusoma vipimo vya nguo kichwa chini miguu juu, alisoma jibu kutoka upande wa pili wa karatasi. Thelathini na nne, na hakuna kilichobaki. Karani akalifuta kwa raba, akapuliza vumbi lake.

"Monsieur Mustafa," alisema, "mizani inasema ngapi?"

Zaituni alijua jibu lililotakiwa. Hata kuku wake wangelijua. Lakini Mustafa alikuwa fundi, na kwa miaka ishirini kitu pekee ambacho hakukidanganya ni kipimo. Breki atasahau, kipimo hapana.

"Elfu mbili mia tatu na mbili," alisema.

Karani akakohoa. "Kilo tisini na mbili," alisema.

"Ndiyo, bwana. Tisini na mbili," Mustafa akasema upesi. Ulimi hauna mfupa, lakini ya kwanza ilikuwa imeshatoka, na karani alikuwa ameisikia.

Karatasi ikagongwa muhuri palepale. Walirudi nyumbani nayo, Mustafa akaibandika ukutani kwa gundi ya viraka vya baiskeli, akaanza kuchora mabawa kwenye gazeti. Zaituni alipika wali kwa mara ya kwanza mwezi ule. Safari hii alikula.

Jumatatu barua ilikuja. Wenye vyombo vinavyoruka walialikwa mkutanoni siku ya Alhamisi, saa nane mchana, waje na karatasi zao. Katika Gitega nzima mwenye chombo kinachoruka alikuwa mmoja.

"Usiende," Zaituni alimwambia.

"Nisipoenda, watakuja hapa. Na wewe utakuwepo."

"Tuende Buhinyuza basi, tuvuke mpaka tuingie Tanzania."

"Na nini, Mama Riziki? Na nusu ndege?" Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka vizuri. Aliogopa, na mke wake akamwona anaogopa, na wote wawili waliendelea kukunja nguo kama watu wenye kazi nyingi. Alhamisi Zaituni alifua shati la kazi la mumewe, akalianika kwenye kamba ili alikute limekauka. Mustafa akavaa lile la kuswalia Ijumaa, akaibandua karatasi ukutani, akaiweka mfukoni. Alisema baiskeli ibaki, atatembea.

Ijumaa hakurudi. Jumamosi hakurudi. Jumatatu Zaituni alikwenda ofisini, karani akafungua daftari kubwa kabla hajaulizwa.

"Mama, mkutano haujaisha," alisema bila kuinua macho.

Zaituni akaenda sokoni kumtafuta Bagalwa. Bagalwa akaja na lori mpaka uani. Waliibeba ndege wawili, yeye mkia na Bagalwa kiti, wakaipakia. Tangu siku ya mizani Mustafa hakuwa ameiongezea hata msumari. Lori liliteremka hadi kwenye ghala likiguna, na mpimaji alipowaona aliacha chai yake, akafuta kioo, akasogea pembeni ili mama asome mwenyewe.

Elfu mbili mia tatu sitini na sita.

Zaituni hakuhitaji penseli: sitini na nne zaidi, na viatu vimo. Alisimama pale akaweka kiganja juu ya kiti cha ndege, na kiti kilikuwa cha vuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Alilia kidogo, bila sauti. Halafu akarudi kwa karani akamwambia uzito umebadilika, angeomba urekebishwe kwenye kumbukumbu. Safari hii karani aliinua macho. Alionekana kama mtu asiyelala vizuri. Akafungua faili, akamwonyesha muhuri.

"Kilo tisini na mbili, mama. Imeshaandikwa."

Bagalwa aliwarudisha, yeye na ndege. Wakaiteremsha bila shida, ilikuwa nyepesi kama siku ile ya Gashoho, wakaiweka uani kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Zaituni alipima kwa macho nafasi iliyobaki, akaisogeza hatua moja ili isizibe mlango. Kisha akaanua shati la Mustafa, lililokuwa limekauka tangu Alhamisi, akalikunja, akaliweka kwenye kiti.