Habari Ilikuwa na Panya

Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, huniambia nimsamehe Mwalimu Adolphe kwa kuwa ni mtu mwema. Wema! Wema wake ndio uliotufikisha hapa. Angekuwa mlevi au mwizi, nani angemsikiliza?

Adolphe alifundisha biolojia Bukavu, akakimbia mapema, askari walipoanza kugonga milango ya walimu. Kambini alikuwa na redio. Kila jioni habari za Kifaransa zikiisha aliizima kutunza betri, akatueleza kwa Kiswahili yaliyosemwa. Sisi Warundi wa milimani, tusiojua Kifaransa, tulikaa chini mbele ya mlango wake tukimeza kila neno. Alichosema Adolphe ndicho kilichotokea duniani. Alichokiacha hakikutokea.

Mwaka huo, tisini na sita, dada yangu Capitoline alikuwa na uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Daktari wa Lilongwe alikwisha kumwambia, Adolphe akitafsiri Kiingereza, kwamba ni kansa, ingali mahali pamoja, na ziwa likatwe upesi kabla haijasambaa. Dada alikataa. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamlilia, mpaka akakubali kupanda lori la Alhamisi. Alikuwa amekwisha kufunga vitenge vyake.

Jumatano jioni Adolphe alizima redio, uso unang'aa.

"Bantu yangu, leo iko habari ya muzuri. Banganga ba Ulaya banatoa dawa katika ua moja. Inazuia kansa ya ziwa, haitembee mu mwili. Na ile ua munaijua. Njo hii inaota hapa kwa ukuta ya gereza."

Ukuta wa gereza la zamani ulizungukwa na maua hayo ya rangi ya waridi, ambayo hata mbuzi hawayagusi. Asubuhi hakuna lililobaki. Wanawake waliyachuma na kuyachemsha kwa ajili ya Capitoline huku wakiimba nyimbo za kanisani, na lori likaondoka bila yeye.

"Mungu aliona woga yangu, Léoncie," aliniambia, amekumbatia sufuria. "Sitakatwa."

Nilipopinga, mume wake Bucumi aliniuliza kama nataka dada yangu awe kilema. Ya mume na mke hayaingiliwi, nikaambiwa. Haya.

Akanywa asubuhi na jioni. Akatapika, watu wakasema uchafu unatoka. Akakonda, wakasema dawa inapigana. Mwenye tumaini haoni dalili mbaya hata ikimkanyaga mguu.

Mvua zilipokwisha nilikwenda soko la Kawale, mjini Lilongwe, kuuza maharage. Kando yangu alishona Douce, mwanamke wa Bukavu, naye ana redio yake. Nikamsimulia habari ya ua letu. Mguu wake ukasimama juu ya cherehani.

"Ile ya bapanya?"

"Bapanya gani?"

"Dawa ilipewa bapanya, dada. Kwa bapanya njo kansa ilisimama. Kwa muntu haiyafika, balisema ingali miaka mingi. Tena banatoa kitu kidogo sana mu ile ua, na mamashini. Ua yenyewe ni sumu! Mwalimu wenu hakubaambia?"

Sijui maharage nilimwachia nani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na neno moja mdomoni. Panya. Tumeitwa majina mengi tangu tuikimbie nchi yetu, lakini dada yangu hakufikia hata cheo cha panya. Panya walipimiwa dawa yao.

Nilifika wakati wa habari. Sikungoja Adolphe azime redio, niliizima mwenyewe.

"Mwalimu, rudilia ile habari ya ua. Yote. Na bapanya bake."

Watu wote wakamtazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakukana.

"Léoncie, kila jioni ninabaambia nani alikufa na wapi balichoma. Siku moja tu nilitaka murudi mu manyumba na furaha. Nilisema, maji ya maua itamufanya nini?"

"Furaha ya nani? We ulitaka kupendwa! Ni kinywa yako ilimwambia kule hospitali asichelewe. Kinywa ileile!"

Akaanza kulia. Machozi yake yaliniudhi kuliko uongo wake, maana watu walianza kumwonea huruma yeye.

Capitoline alikuwa amesimama nyuma yao na sufuria yake. Aliimwaga chini, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Alhamisi tunaenda," alisema. "Na Mwalimu anakuja. Hakuna mwingine anajua Kiingereza."

Hiyo ndiyo aibu ya ukimbizi. Aliyekuangusha ndiye huyohuyo utakayemwomba mkono.

Hospitali, daktari alimwinua Capitoline mkono. Vidole vyake vikakaa sana kwapani, halafu vikapanda shingoni, vikakaa tena. Kisha akaongea, maneno marefu. Nilimshika Adolphe kiwiko nikakiminya.

"Neno moja likibaki, Mwalimu, hutarudi Dzaleka na meno."

Akamtazama dada yangu usoni na kutafsiri.

"Anasema imefika kwapani. Imefika na ku shingo, na anaogopa iko mu mapafu. Anasema ungekuja ile Alhamisi, angekata, na pengine ingeisha. Sasa akikata, ni kwa kupunguza maumivu tu. Anasema iko dawa ya sindano, inatoka katika miti na maua, ya kweli, ya bantu. Inaweza kuisimamisha kidogo."

"Iko wapi?" Capitoline aliuliza.

Adolphe akauliza. Daktari akajibu kwa maneno machache na kuinamisha macho.

"Anasema hapa haiko. Anasema hata ingekuwa hapa, sasa ingekuongezea miezi tu."

Capitoline akafunga vifungo vya blauzi yake, akamwambia daktari zikomo, asante ya Kichewa.

Adolphe hakuacha hata neno moja, kama nilivyomwamuru. Nilimpiga kofi palepale, mbele ya daktari, miwani ikaruka mpaka chini ya kitanda. Lile neno la mwisho, la miezi, nilitaka aliache.