Maji Niliyompa Monjia

Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2019. Asubuhi mawingu mepesi, upepo kutoka baharini, umande mwingi. Maua ya midanzi, ile michungwa michungu, yalichumwa yakiwa bado mabichi kwa umande, tukayatandaza juu ya shuka kivulini yakauke kabla ya kuyakeneka, yaani kuyachemsha na kuukusanya mvuke wake uwe maji ya maua.

Ndivyo nilivyofundishwa kuanza ukurasa, tarehe kwanza kisha hali ya hewa, katika masomo ya jioni niliyoyaanza nikiwa na miaka hamsini na mbili. Nilimwomba Mungu anijalie kusoma Kitabu chake kwa macho yangu mwenyewe, akanijalia. Nilipomaliza nikakuta mlango wa pili uko wazi: darasa la rangi za maji, kila Alhamisi jioni, katika nyumba ya utamaduni hapa Nabeul, Tunisia. Nikaingia. Na ni mimi niliyemvuta Monjia aingie.

Monjia ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, miaka arobaini. Mumewe alipofariki alikuwa akishinda dirishani, hazungumzi na mtu. Nikamwambia, "Twende shoga yangu, ukachafue karatasi." Akaja na brashi ya kunyolea ndevu ya marehemu, maana hakuwa na nyingine. Hata leo anachora kwa brashi hiyo.

Mwaka huo Ustadhi Lutfi, mwalimu wetu, alitangaza kwamba siku za sherehe ya maua zitakapofika, mchoro mmoja wa darasa utatundikwa mlangoni mwa nyumba ya utamaduni, na jina la mchoraji chini yake. Mmoja tu. Nikautaka mno. Nilitolewa shule nikiwa na miaka tisa ili nidarizi. Nusu ya maharusi wa mji huu wamevaa kazi ya vidole vyangu, na hakuna hata uzi mmoja ulioandikwa jina langu, Beya. Nilitaka nisimame mbele ya ukuta nisome jina langu, sasa kwa kuwa naweza kulisoma.

Alhamisi hiyo, siku ya kuchagua, darasa lilikuja nyumbani kwangu mapema, baada ya adhuhuri, kwa sababu mimi nina midanzi miwili uani na chombo cha shaba cha kukenekea kilikuwa motoni. Tulikuwa wanne pamoja na Bwana Hedi, aliyekuwa mpeleka barua, na Salwa wa duka la dawa. Ustadhi akasema, "Leo chezeni. Sitaki mti kama ulivyo. Mti hautakuja kukushtakini kwamba mmeikosea sura yake."

Sikujua kucheza. Mimi nachora kama ninavyodarizi: nahesabu kwanza. Ua la mdanzi lina petali tano, basi nilichora tano, kila moja na kivuli chake, kwa brashi nyembamba kama sindano. Ustadhi alipita nyuma yangu akasema, "Nzuri, Mama Beya. Mkono wako umetulia." Akaendelea mbele. Kwa Monjia alisimama.

Monjia alikuwa amemwaga buluu. Mti mzima wa buluu, umeinama, na mizizi yake ameifanya miguu, mguu mmoja umevaa kiatu. Maua hakuyachora hata moja. Alichovya brashi ile ya ndevu, akaipiga kwenye kiganja cha mkono, na matone yakaruka kila mahali, hata kwenye shati la Bwana Hedi.

"Monjia," akasema Bwana Hedi, "mti wako unakwenda wapi na kiatu kimoja?"

"Unakwenda baharini. Umechoka kukusikiliza."

"Na kile kiatu cha pili?"

"Ulikipoteza wewe, pamoja na barua zangu."

Wote wakacheka. Salwa alicheka hadi akafuta machozi. Ustadhi aliishika karatasi kwa pembe zake mbili, akaitazama kwa mbali, na nikaiona midomo yake ikitabasamu yenyewe. Nikajua mlango ni wa nani.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Niliingia ndani kuswali. Nilisujudu, na ule mti wa buluu ukasujudu nami. Nilitaka kuomba, "Mola wangu, niondolee wivu huu." Ulimi ukasema, "Mola wangu, nipe mimi." Nikatoa salamu haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Nilipotoka, Monjia aliinua kopo lake. "Beya, shoga, nipe maji masafi. Haya yamekuwa supu ya dengu."

Bomba liko hatua tatu kutoka mlangoni. Nililipita. Nikaenda hadi kwenye chombo cha shaba, ambapo chupa kubwa ilikuwa ikipokea maji ya maua, na mafuta ya kwanza yameshaelea shingoni, membamba, ya manjano. Yale mafuta ni ya thamani, huwa nayatoa kwa pamba tone kwa tone. Wiki moja kabla niligusa karatasi kwa mkono wenye mafuta na Ustadhi akanionya kwamba mafuta na rangi za maji havipatani kamwe. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Niliiinamisha chupa, yakamiminika yale ya juu, nikajaza kopo. Harufu? Uani kote kulinukia maua. Nani angetambua?

Nikampa kwa mkono wangu wa kulia. Akasema, "Mungu akunyweshe maji ya mto Kauthari peponi."

Sikuitikia amina.

Akachovya, akapaka. Rangi ikakimbia, ikajikunja vidonge vidonge. Akadhani ni brashi, akaisuuza mlemle koponi, akaongeza tena. Punde karatasi ikaanza kuonyesha meza iliyo chini yake, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Buluu ikawa kijivu, mti ukawa doa.

"Haiponi," akasema Ustadhi kwa huzuni. "Imeingia mafuta. Sijui yametoka wapi."

"Kwangu," akasema Monjia. "Leo nimekaanga samaki. Mikono yangu hii haina adabu." Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya kopo. "Basi. Chagueni ya Beya. Kila petali iko mahali pake, mwenzenu amefanya kazi."

Ustadhi aliitazama ile iliyokunjwa, akaja kwenye yangu. Kisha akasema, "Ndiyo. Ya Mama Beya." Bwana Hedi na Salwa wakapiga makofi.

Ungedhani wivu ungeisha. Nilimtazama Monjia. Alikuwa ameshachana boksi la sukari, anachora kwa nyuma yake ndege mwenye shingo ndefu, anajichekea peke yake na kumpulizia rangi kwa mrija. Mlango nilikuwa nimeupata, naye bado alikuwa na kile nilichokitamani. Nikamwonea wivu zaidi kuliko mwanzo, juu ya boksi la sukari.

Ijumaa nilirudia sala ya adhuhuri mara tatu. Kila nikifika kwenye kuomba njia iliyonyooka, nililiona bomba nililolipita.

Jumamosi asubuhi tulikutana mlangoni mwa nyumba ya utamaduni. Bwana Hedi alikuja na nyundo, akapigilia msumari, Ustadhi akatundika. Chini yake kadi nyeupe: Beya, na jina la baba yangu. Nililisoma herufi kwa herufi. Monjia alikuwa amenishika mkono, anauminya, na ndiye aliyekuwa akitabasamu.

"Uteremshe," nikasema.

"Umepinda?" akauliza Bwana Hedi.

"Nimepinda mimi. Monjia, yale mafuta hayakuwa ya samaki. Nilikumiminia maji ya shingoni mwa chupa, nikijua yana mafuta."

Mkono wake ukatoka mkononi mwangu. Salwa akasema, "Astaghfirullah," taratibu. Nikauteremsha mchoro mwenyewe, nikaugeuza uso ukutani.

Monjia aliitazama ile kadi nyeupe iliyobaki ukutani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Karatasi ni karatasi tu, Beya. Ningechora miti mia. Lakini nilikuombea dua. Uliniangalia, nikakuombea dua."

"Nisamehe."

"Subiri, usikimbilie hapo. Nisamehe ni rahisi, utaondoka nayo nyumbani ulale. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unacheza na mimi siwezi. Nimejaribu. Nikiinua mkono ucheze, unahesabu."

Alinitazama kama anayenisoma upya. "Miaka arobaini," akasema, "na hukuniambia hata siku moja."

"Niliona aibu."

"Aibu ndiyo iliyokwenda chupani?" Akavuta pumzi. "Sikiliza. Nimekasirika, na nitakasirika hadi nichoke, usinihimize. Lakini nakujua. Wivu huu utakurudia, pengine Alhamisi ijayo. Sitaki uniahidi kwamba hautarudi, utakuwa umenidanganya mara ya pili. Niahidi utakachofanya ukirudi. Na useme kwa sauti, hawa wasikie."

"Mimi nasikia," akasema Bwana Hedi, akaiweka nyundo chini.

Ustadhi na Salwa wakasogea. Nilisema bismillahi moyoni, nikamtazama machoni.

"Naahidi mbele ya Mungu, na mbele ya Ustadhi na Bwana Hedi na Salwa: kila nitakapokuonea wivu, Monjia, nitakuambia usoni kabla mkono wangu haujagusa kitu chako. Na naanza sasa. Nakuonea wivu."