Maziwa ya Asubuhi, Maziwa ya Jioni

Kilichomwamsha Bibi ni mkono wa ndoo. Ulikuwa unagonga bati la ndoo, ti-ti, unanyamaza, halafu ti-ti tena, na nje bado giza. Ndoo ilitundikwa kwenye nguzo ya banda, na nguzo haijitikisi yenyewe. Bibi akajitanda shuka, akachukua tochi, akatoka.

Madoa, ng'ombe wao, alikuwa anazunguka bandani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Anajisugua kwenye nguzo, anageuka, ananusa majani kwenye hori wala hali. Bibi akammulika nyuma. Chini ya mkia ulining'inia ute mwangavu, unaovutika kama ute wa yai.

"Haya, mama," Bibi alimwambia. "Umeanza."

Na moyo wake nao ukaanza. Madoa yuko kwenye joto, anataka dume, na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Madoa hakuwa wa Bibi peke yake. Mradi ulipoleta ng'ombe, ushirika wa wafugaji ulikaa ukaona viwanja ni vidogo na majani hayatoshi, basi kila ng'ombe wakampa nyumba mbili. Bibi alikuwa na banda. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anayekaa upande wa pili wa ua, alikuwa na shamba la majani. Bibi anakamua asubuhi, wifi anakamua jioni. Ndama jike wa kwanza atakwenda kwa nyumba nyingine mbili zinazosubiri. Lakini ng'ombe aliyepandishwa mara tatu bila kushika mimba anarudishwa, kwa sababu wanaosubiri nao wana watoto. Na ng'ombe asiyezaa akirudishwa, kila mtu anajua njia yake inaishia wapi. Inaishia buchani.

Madoa alikwishapandishwa mara mbili, na mara mbili hakushika.

Bibi akampigia simu mpandishaji, anayewatia ng'ombe mbegu za madume. Wanawake wa pale walimwita Mshenga, maana ndiye anayepeleka posa za madume ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, amezitia kwenye mtungi wa baridi nyuma ya pikipiki.

"Dalili umeziona lini, bibi?" Mshenga aliuliza, sauti bado ya usingizi.

"Sasa hivi, mwanangu."

"Basi ni jioni. Zikionekana asubuhi tunapandisha jioni, zikionekana jioni tunapandisha asubuhi. Unalijua somo kuliko mimi. Napita kituo cha maziwa, halafu navuka mto. Nikirudi nakuja kwako."

"Haya, baba. Usinisahau."

"Nitamsahauje bibi harusi?"

Simu ikakatika. Hapo Bibi angekaa kitako akanywa chai yake. Lakini hakukaa. Alifagia banda lililofagiwa. Akasogeza kigoda, akakirudisha kilipokuwa. Alikuwa amemwambia Mshenga ukweli mtupu, na bado kitu kilikuwa kinamkuna ndani kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Alimimina maji ya kuoshea kiwele kutoka kwenye chupa ya chai. Yalikuwa bado ya moto. Kila jioni wifi akimaliza kukamua huijaza ile chupa, akaiacha pale kwa ajili ya asubuhi. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa. Majani yamekatwa mafupi, kwa kuwa Madoa ana jino bovu upande mmoja. Yote hayo wifi aliyafanya siku zote, hata tangu walipoacha kusemeshana. Na Bibi aliyaona. Yalimuudhi zaidi. Ungetaka kumnunia mtu vizuri, lakini utamnuniaje na huku maji yake yanakupasha vidole?

Walikuwa wamegombana kituoni. Siku moja maziwa yao yalikataliwa, yameganda kwenye kipimo, na watu wamepanga foleni nyuma wanashuhudia. Wifi akasema kwa sauti, "Hayo ni ya asubuhi. Mimi ni wa jioni." Maneno hayo tu. Bibi alirudi nyumbani na maziwa yake na aibu tele usoni. Tangu siku hiyo, wifi akija kukamua jioni, Bibi anaingia ndani na kufunga mlango mpaka asikie wifi ameondoka na ndoo yake.

Na jana jioni, baada ya ndoo kuondoka, alisikia hodi mlangoni. Mara moja, na baadaye mara ya pili, kwa sauti ya chini. Aliijua ile sauti. Akatulia kitandani kama mgonjwa, mpaka nyayo zikaenda.

Alikuwa katikati ya kukamua alipokumbuka, na mikono ikasimama. Wifi hajawahi kupiga hodi kwa ajili ya umbea. Alikuwa ameona nini?

"Mimi ni wa asubuhi," Bibi alimwambia ng'ombe. "Jioni yako siijui."

Akamaliza haraka, akafunika maziwa, akapita kwenye uwazi wa ua bila hata kubadilisha viatu vya bandani.

Chumba cha wifi kilikuwa na taa ndogo, jiko limewashwa, na redio iliyofungwa waya mahali pa antena, inasema peke yake. Wifi alikuwa anajifunga kitambaa kichwani. Alimwona Bibi mlangoni, akabaki ameinua mikono.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Hodi."

"Karibu." Wifi akaangalia viatu. "Na samadi yako umekuja nayo."

"Wifi, sikuja kuangaliwa viatu. Jana jioni Madoa alikuwaje?"

Wifi akashusha mikono taratibu. "Leo ndiyo unauliza? Jana nilipiga hodi mpaka mkono ukaona aibu."

"Nilikusikia."

"Najua ulinisikia. Kitanda chako kinalia."

Bibi alikuwa na maneno mengi ya kujibu, aliyatengeneza miezi kadhaa akiwa peke yake na ng'ombe, na sasa yote yakawa hayana kazi. "Nisamehe. Niambie tu."

"Alikuwa anauparamia ua wa banda," wifi akasema. "Jua halijazama. Nimemkamua, hatoi maziwa, anageukageuka. Ute nikauona. Nikasema huyu apandishwe asubuhi mapema. Simu yangu haina chaji, nikaja kwako. Baadaye nikasema, ah, ng'ombe analala kwake, macho anayo."

"Mshenga nimemwambia dalili ni za leo. Anakuja jioni."

Wifi akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akainuka papo hapo. "Jioni joto litakuwa limepita!"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Na zile mara mbili? Alimwuliza nani?"

"Mimi. Nikamwambia nilivyoona."

"Asubuhi."

"Asubuhi."

Wifi akaizima redio.

"Mpigie," wifi akasema.

Bibi akapiga, akapiga tena. Haipatikani. Mshenga akiwa kwenye pikipiki hapokei, na akishavuka mto hakuna mtandao.

"Atapita kituoni," Bibi akasema.

Wifi alikuwa tayari ameshavaa viatu.

Walibeba maziwa kwa zamu, mmoja akichoka anampa mwenzake bila kuombwa. Njiani hawakuzungumza sana, pumzi zilikuwa na kazi nyingine. Kila mlio wa pikipiki uliwafanya wageuke. Moja ilikuwa ya mwuza mikate. Nyingine ya kijana aliyewapungia mkono kwa furaha, na wifi akamwambia, "Ondoka zako, si wewe!" Kijana wa watu hata hakuwajua.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu. Walipotokea pamoja, mazungumzo yakapungua kama redio iliyopunguzwa sauti. Mama mmoja wa mbele akasema, "Leo ya asubuhi na ya jioni yamekuja kwenye chombo kimoja?"

"Umemwona Mshenga?" Bibi akauliza.

"Yuko nyuma ya kituo, anajaza mtungi, ndio anaondoka—"

"Shika hapa." Bibi akamwachia maziwa, na yule mama, ambaye mdomo ulikuwa bado haujamaliza kucheka, akayapokea kwa mikono miwili na kuyashikia nafasi kwenye foleni.

Mshenga alikuwa ameshawasha pikipiki. Wifi akasimama mbele ya gurudumu.

"Hupiti hapa bila kunikanyaga."

"Shangazi! Nini tena?"

"Madoa," Bibi akasema, anahema.

"Si tumesema jioni?"

"Dalili zilianza jana," wifi akasema.

"Bibi kaniambia leo."

"Mimi nimeziona leo," Bibi akasema. "Yeye kaziona jana. Yote ni kweli."

Mshenga akazima pikipiki. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hakucheka, ingawa ilionekana alitaka, na Bibi alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Kwa hiyo hata zile mara mbili mlinipa nusu ya siku," alisema. "Na mimi sikuwauliza wote wawili. Nilijua mnakaa pamoja."

"Tunakaa pamoja," wifi akasema, "ila tulikuwa hatusemeshani."

"Na sasa?"

"Washa hiyo pikipiki, acha umbea."

Mshenga akamtuma kijana mmoja avuke mto akawaambie watu wa ng'ambo kwamba atachelewa. Alitangulia. Waliporudi walimkuta bandani amevaa glovu mpaka begani, anasema na Madoa kwa upole kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Bibi akashika kichwa, wifi akashika mkia. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Madoa alipiga kwato mara moja, akaguna, akatulia.

"Imewahi?" Bibi akauliza.

"Imewahi. Lakini tumbo ni lake, bibi, mimi ni mshenga tu. Zisubirini wiki tatu. Dalili zisiporudi, tuna tumaini."

Wiki tatu hizo! Bibi alilala kwa sikio moja. Madoa akikohoa, ameketi. Madoa akijikuna, yuko nje na tochi. Kila asubuhi akishakamua alipita kwenye uwazi wa ua kwenda kumwambia wifi hali ya usiku, na wifi anamwambia hali ya jioni, na kwa kuwa amekwishafika, chai ipo. Siku nyingine walibishana kuhusu chumvi ya kulamba. Siku nyingine wifi alimsimulia jinsi marehemu kaka yake alivyokuwa mtoto, mambo ambayo Bibi aliishi na yule mume miaka yote bila kuyasikia.

Siku za hatari zilipofika walishinda wote bandani, wanamchungulia ng'ombe mpaka mwenyewe akawageuzia kisogo. Ikapita ya kwanza. Ikapita ya pili. Asubuhi iliyofuata Bibi alikuta majani yote yameliwa, na Madoa amelala anacheua, macho nusu yamefumbwa, wala hana habari na mtu.

Akaenda kwa wifi.

"Usiku?" wifi akauliza kabla hajaketi.

"Ametulia."

"Na jioni alitulia. Maziwa aliyaachia yote."

Neno mimba hawakulitaja, kama vile lingesikika mpaka bandani likamwamsha. Wifi akamimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Bibi akajifanya hakuona. Wakanywa. Bibi akatazama nje, akasema maziwa yanasubiri kupelekwa kituoni, akainuka.

Wifi akamsindikiza mpaka kwenye uwazi wa ua na kusimama pale, akibandua gome la mti wa ua kwa ukucha.

"Sasa hutakuwa na habari za kuniletea kila asubuhi," alisema.

"Si ndicho tulichokuwa tunakiomba?"

"Ndicho." Akaendelea kubandua. "Ila kesho uje, wifi. Uje hivyo hivyo, bila habari."