Sinia la Mjomba

Kayal alivunja ungo katikati ya wiki, na kufikia Jumamosi nyumba yao ya Plymouth ilinukia manjano kuanzia jikoni hadi gereji. Mama yake, Sornam, alimwogesha maji ya manjano, akamweka ndani kama mwali yeyote wa Kitamil: asitoke wala asionekane na mwanamume, mpaka mjomba wake amletee sinia lenye sari yake ya kwanza. Bila mjomba hakuna sherehe.

Na mjomba mwenyewe alikuwa amepigwa marufuku. Murugesan, baba yake Kayal, alikuwa mhandisi mpole ofisini, nyumbani simba. Mwaka uliopita mjomba huyo, Ilango, alimkuta dada yake Sornam jicho limevimba, akauliza kulikoni, akafukuzwa. "Tutatafuta mjomba mwingine," Murugesan alisema, kana kwamba wajomba huuzwa dukani. Sornam akamwita kaka yake kwa siri. Kayal hakujali sari. Alitaka jambo moja tu duniani, mama yake asipigwe tena.

Ilango alifika kabla ya wageni. Kayal alichungulia mlangoni akamwona akiingia peku, sinia mikononi: sari nyekundu, nazi, ndizi, bangili. Murugesan hakujibu salamu. Alimtandika ngumi ya mdomo.

Mjomba aliyumba, lakini hakuliachia sinia. Haliwekwi chini kabla msichana hajalipokea. Likigusa sakafu, ni kumtakia mabaya. Murugesan alilijua hilo vizuri, mwoga yule. Akampiga mbavuni, akampiga sikioni, na damu ikadondokea ndizi.

"Muache, nakuomba," Sornam alisema. Mumewe akamkamata nywele, akambamiza kwenye kabati la viatu.

Kayal akatoka. Uso wake ulikuwa wa manjano, nywele zinachuruzika maji. Alipita katikati ya wanaume wale, akalipokea sinia.

"Asante, Mjomba," alisema.

Alijua anachokifanya. Mikono ya Ilango ilikuwa huru sasa, na uchungu alioumeza mwaka mzima ukamtoka wote. Alimwangusha shemeji yake, akamkalia kifuani, akamshindilia ngumi mpaka pua ikalala upande. Kayal alitazama, na mtu asikudanganye kwamba alihuzunika. Roho yake ilisuuzika kabisa. Aliyejitupa juu ya Murugesan kumkinga alikuwa Sornam.

Jirani alikuwa ameshawaita polisi. Waliingia wawili, wakakuta mwenye nyumba anavuja damu na mgeni ana ngumi nyekundu, wakamtia mgeni pingu.

"Nani alianza?" polisi mwanamke aliuliza.

Sornam akamnyooshea kidole kaka yake. Ilango aliinamisha kichwa. Polisi akamgeukia Kayal.

"Sema ni Mjomba," mama yake alimwambia haraka kwa Kitamil. "Appa, baba yako, akifungwa tutaishi wapi? Mambo ya nyumbani hayatoki nje, mwanangu."

Kayal aliweka sinia mezani.

"Nisamehe, Amma," alisema, kisha akaipandisha blauzi ya mama yake mgongoni, mbele ya polisi wote wawili. Alama za mkanda zilikuwa pale, mbichi juu ya zilizokauka.

Sornam aligeuka akamzaba kofi. Hakuwahi kumpiga tangu amzae. Kayal alilia, lakini blauzi hakuiachia.