Nyumba ya Malindi Ndani ya Gemu

Gemu lenyewe lilikuwa fupi, na kila aliyelicheza alinung'unika. Unaanza baada ya chakula cha mchana, na kabla ya Alasiri umeshauteka mji mzima, maadui wamekwisha, na majina ya waliolitengeneza yanapanda kwenye skrini. Gazeti moja la magemu la hapo London, mwaka ule wa 2004, liliandika bila kuuma maneno kwamba ni wizi mtupu: maadui mabwege, kila mmoja anakungojea pale pale alipokungojea jana, na bunduki zote zinalia sauti moja. Lakini gazeti hilo hilo lilisifu kitu kimoja. Mji wa pwani ambao wanajeshi wanauvamia, lilisema, unaonekana kweli umekaliwa na watu, na ndani yake kuna nyumba moja karibu na kisima, yenye vioo vya rangi juu ya mlango na mashubaka ukutani, ambayo mchezaji ataikumbuka hata akisahau mengine yote.

Sifa hiyo ilikuwa ya Haifa, kwani yeye ndiye aliyeuchora mji. Mkuu wake wa kazi, Harjit, aliusoma ukurasa ule kwa sauti ofisini, wenzake wakampigia makofi, na Haifa akatamani ardhi ipasuke aingie.

Nyumba ile hakuibuni. Ilikuwa nyumba ya Malindi, Unguja, alikozaliwa mama yake, Bi Sheikha. Mwaka sitini na nne, mama akiwa msichana wa miaka tisa, watu wenye bunduki waliingia wakamchukua baba yake, na hakuonekana tena. Muda mfupi baadaye familia ikahama. Miaka yote waliyokaa Walthamstow, mtaa wa London, mama na binti peke yao, Bi Sheikha hakuizungumza nyumba ile. Ukimuuliza, ghafla anakumbuka ana nguo za kuanua.

Kisha Haifa akapewa kazi ya kuchora mji wa pwani. Picha alizopewa ofisini zilikuwa za kadi za watalii, na siku zilikuwa zinamkimbia. Akaanza kukaa na mama yake jikoni kila akitoka kazini, anamenya vitunguu na kuuliza. Mama, ukivuka mlango unakuta nini? Ngazi ziko mkono gani? Asubuhi jua linaingilia wapi?

Na mama, masikini wa Mungu, akafunguka. Alidhani binti yake, aliyekulia Kiingereza na chipsi, hatimaye ameingiwa na hamu ya kwao. Alimwonesha kwa mwiko boriti zilivyopita. Alimchekea alipokosea majina ya vyumba. Siku moja alilia kidogo, akasema amefurahi kuulizwa. Haifa akapanda chumbani kwake, akaifungua kompyuta na kuyachora yote kabla hayajapoa. Alijiambia kwamba atamweleza mama kazi ikimalizika. Kazi ikamalizika, gemu likatoka, likauzwa, naye kimya. Alikuwa anaogopa, lakini nani alimziba mdomo? Kila mama alipomtajia nyumba ile kwa furaha, aliona kama ameiba kitu na mwenyewe anamshukuru.

Aliyemuumbua ni Harjit, tena kwa wema wake. Alilituma gazeti kwa posta, kwa jina la Bi Sheikha, ili mzazi naye afurahie sifa za mwanawe. Bi Sheikha alikuwa karani wa kaunsili kwa miaka mingi, na Kiingereza cha kwenye karatasi hakikumpiga chenga. Jumamosi mchana Haifa alirudi kutoka sokoni, akalikuta gazeti mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Nioneshe," mama alisema.

"Ni gemu tu, mama. La vita. Litakuchosha."

"Nimesema nioneshe, Haifa."

Wakakaa kwenye kochi, kompyuta juu ya kimeza. Mama akavaa miwani. Haifa akampitisha mwanajeshi wa gemu vichochoroni, na mama akawa anashika mdomo.

"Hapa kwa kina Mardhiya! Na kisima chetu hiki!" Kisha akakunja uso. "Na hii bunduki, mbona iko mbele yangu tu? Iweke chini."

"Haiwekwi, mama. Unakuwa nayo mkononi mwanzo mpaka mwisho."

"Hata ukiingia nyumba ya watu?"

"Hata ukiingia."

Walikuwa wamefika mlangoni, na Haifa alijua kilichokuwa ndani. Jioni moja alimuuliza mama yake babu alipenda kukaa wapi. Mama akamwambia: chumba cha kushoto, chini ya dirisha, mgongo ukutani na uso mlangoni, ili mgeni asiingie bila kupokewa. Wiki ile Harjit alikuwa anataka adui mmoja anayeuona mlango vizuri. Haifa akamweka pale pale.

"Tuishie hapa, mama. Tafadhali."

"Piga hodi."

"Hakuna hodi humu. Kuna teke tu."

Bi Sheikha akaisogelea skrini. "Hodi," alisema mwenyewe, kwa adabu zote. Akasubiri. Ndani ya gemu helikopta zilikuwa zinapita. "Haya, piga hilo teke. Nataka kuona ndani."

Haifa alibonyeza. Mlango ukavunjika, na mtu akainuka chini ya dirisha. Miezi yote ya majaribio, vidole vyake vilikuwa vinamuua mtu huyu kabla hajainua silaha. Safari hii aliitoa mikono kwenye kompyuta na kuiweka mapajani. Milio ikasikika, skrini ikawa nyekundu, na gemu likawarudisha nje, mbele ya mlango uliokuwa mzima tena.

"Pale ndipo alipokuwa akikaa baba," mama alisema.

"Najua, mama. Nisamehe. Nilikuuliza kwa ajili ya kazi, nikakuficha. Nimekuibia."

Bi Sheikha alivua miwani. Haifa alingojea agombezwe, na angeshukuru kugombezwa.

"Wewe hujui," mama alisema. "Hujaniuliza walimpataje."

"Nilidhani walivunja mlango."

"Hawakuvunja kitu. Nilikuwa nacheza barazani. Mmoja wao akachutama mbele yangu, akaniuliza, baba yuko wapi, mwanangu? Nikamwambia yuko chumba cha kushoto, chini ya dirisha." Akaufunga mfuniko wa kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. "Aliniuliza kwa upole, Haifa. Kama wewe."