Sahani Iliyofunikwa

Mama alipakua sahani tatu, kisha akaifunika moja kwa kawa ya ukindu na kuisogeza pembeni ya meza, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka kumi na miwili. Mwenye sahani alikuwa ameketi mbele yake, mikono keshanawa.

"Mama, mimi nipo."

"Nakuona, mwanangu. Mkono ndio haujapata habari."

Mjukuu akacheka, na bibi yake naye akacheka, lakini kawa hakuiondoa.

Ilikuwa siku ya kwanza tangu binti yake aache umeneja wa mauzo, kazi iliyokuwa ikimrudisha nyumbani usiku. Kutwa alishinda chumba cha mbele akitengeneza mabegi, ufundi aliorithi kwa marehemu baba yake kabla shahada hazijampanda kichwani. Alibadilisha zipu nne. Moja aliishona juu chini, akaifumua huku akijicheka, na hakuna aliyemwitia kikao. Mteja wa mwisho alilifunga begi lake, akalifungua, akalifunga tena kwa raha tu. Fundi akaona moyo wake umejaa, akashukuru kimyakimya.

Sasa simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi wake wa zamani, mwenye sauti ya kusikika chumba kizima.

"Tumekupandisha cheo. Gari, dereva, kila kitu. Njoo kesho saa mbili."

Mtoto akaacha kutafuna. Mama alinyoosha mkono taratibu, akaichukua ile sahani na kuipeleka karibu na jiko, mahali pake pa kungojea. Ukingo wa kawa ulikuwa umechakaa kwa kufunika na kufunua.

"Mzee, umenikuta mezani. Nashukuru kwa moyo wote," fundi akasema. "Mlinipokea sijui kitu, na nyumba hii nimeijenga nikiwa kwenu. Ila kurudi, sirudi."

"Usijibu haraka. Nikupigie ukishamaliza kula?"

"Hapana, mzee. Ndiyo kwanza nimeketi."

Akazima simu. Aliinuka, akaifuata sahani yake jikoni, akairudisha mezani na kufunua kawa. Mvuke ukampanda usoni. Tonge la kwanza likamuunguza ulimi, machozi yakamlengalenga.

"Mama, kumbe chakula chako huwa cha moto hivi?"

"Siku zote, mwanangu," mama akasema, akimsogezea maji.